Kofia na Kona ya Mbali

Wangila alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na ungemuuliza farasi ni mnyama wa namna gani angekuambia ni mwoga aliyepewa mwili wa shujaa. Alitoka kwao Kimilili akiwa kijana wa kutafuta kazi yoyote ile. Akapata ya kuzoa mavi kwenye mabanda ya farasi ng'ambo ya Jamhuri, karibu na uwanja wa mbio, na hakutoka tena. Kila alfajiri aliondoka Sarang'ombe, huko Kibera, majirani wakiwa bado wanajigeuza vitandani, akakatiza vichochoro na mswaki mdomoni, na jua lilipochomoza lilimkuta ameshainama anachokoa kwato.

Farasi wake hakuwa wake, lakini tuseme hivyo kwa kuwa mwenyewe alisema hivyo. Alikuwa jike, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Kwenye karatasi za mbio alikuwa na jina refu la Kizungu la kumaliza pumzi. Wangila alimwita Nabalayo. Lilikuwa jina la shangazi yake marehemu, na alilitoa kwa sababu wote wawili hawakupenda kuguswa masikio, na wote wawili wakikasirika hawakusahau.

Mkewe, Immaculate, aliyekuwa na kibanda cha mitumba Soko la Toi, hakuchoka kumtania.

"Baba Nasike, leo Nabalayo amekula nini?"

"Shayiri. Na karoti."

"Karoti! Na sisi tuliobaki?"

"Nyinyi si mna mdomo wa kuomba? Yule hana."

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo Wangila hakumwambia mtu pale kazini. Kwao, mtu akienda safari au akianza kazi kubwa, mzee hutia maji au busaa, pombe ya kienyeji, kinywani akampulizia, na hiyo ndiyo baraka yake. Babu yake alimpulizia hivyo asubuhi aliyopanda basi kuja Nairobi. Mpaka Nakuru shati lilikuwa bado na unyevu kifuani. Basi kila asubuhi ya mbio, Wangila alifunga mlango wa banda, akajaza maji kinywani, akampulizia Nabalayo kwenye paji la uso. Farasi alikunja pua, akatingisha kichwa, na mambo yakaishia hapo. Mlango ulifungwa kwa sababu alijua wangecheka, Wazungu kwa Waafrika.

Na kuna sababu nyingine ya kufunga mlango. Farasi wa mbio huondolewa ndoo ya maji tangu asubuhi. Akinywa akashiba atakimbia kama mama mjamzito aliyefumaniwa na mvua. Wapo masaisi waliowahi kununuliwa kwa ndoo moja tu: mnyweshe, nyamaza, utaona kitu mfukoni. Kwa hiyo siku ya mbio saisi na maji havipendezi kuonekana pamoja. Wangila alijua hilo kuliko alivyojua sala ya jioni.

Halafu mwaka wa tisini na tano ikaja televisheni.

Mbio zilikuwa zimewahi kuonyeshwa kabla ya hapo, ila kwa mbali, vidoadoa vikizunguka majani. Safari hii ilisemwa zitaonyeshwa vizuri, kamera mpaka kwenye kiduara ambamo farasi hutembezwa kabla ya kwenda kukimbia. Wangila alipopata habari hizo alitangaza nyumbani, kanisani na kwenye foleni ya choo. Immaculate alifunga kibanda mapema Jumapili hiyo, akamfunga Nasike mgongoni, akaenda Kawangware kwa ndugu yake Nyongesa, aliyepanga chumba katika ploti ya mzee Kimotho. Kimotho alikuwa mwenyeji wa tangu zamani, mwenye vyumba vya mabati na televisheni, na kila Jumapili baada ya ibada aliitoa nje ukumbini akaiweka juu ya stuli, akaiunganisha na betri ya gari, wapangaji wakakaa kwenye mabenchi.

Pale kiduarani kijana mwenye kamera begani alisimama mbele ya Wangila. "Mzee, fanya kitu na huyo farasi bana. Watu wa nyumbani wanataka kuona mapenzi."

Sijui ni nini humwingia mtu akiambiwa anatazamwa. Karibu yake kulikuwa na ndoo ya kulowesha sifongo, ile ya kumpangusia farasi povu mdomoni. Wangila alifikiria ukumbi wa Kimotho, shemeji yake, mkewe, mtoto. Akainua ndoo, akachota kwa kiganja, akajaza kinywa, akampulizia Nabalayo usoni mchana kweupe, huku akicheka. Na Nabalayo, aliyekuwa na joto, akashusha pua kwenye ndoo akalowesha midomo. Midomo tu. Wangila aliivuta ndoo papo hapo. Kamera ilikuwa imeshageuka, inafuata mama mmoja mwenye kofia.

Mbio zikaanza. Wangila alikimbilia pengo la ua ambapo masaisi husimama, na kutoka hapo aliona, kwa mbali, kilichotokea kwenye kona iliyo nyuma ya miti. Nabalayo alikuwa anakuja vizuri upande wa ndani. Farasi wa kijivu, ambaye joki wake, yaani mpandaji, alivaa shati la njano, akamkata mbele. Akambana na ua. Nabalayo alijikwaa, nusura apige goti kwenye majani, akanyanyuka. Alifika wa mwisho, mguu wa mbele anauweka chini kama anayekanyaga kaa la moto.

Joki aliyempanda Nabalayo aliitwa Simeon. Aliposhuka alijua vizuri nani amemkata. Lakini farasi yule wa kijivu alikuwa wa banda kubwa, na Simeon alikuwa amekaa muda mrefu akitamani kupandia banda hilo. Akaweka tandiko chini, akasema bila kumtazama mtu, "Leo alikuwa mzito. Ni kama alimeza pipa."

Msimamizi wa mbio aliyekuwa amesimama karibu na kona ile alisema aliona vumbi tu. Na ndoo, kila mtu aliiona.

Mwenye banda alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, pua nyekundu kwa jua, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Pilipili asipokuwapo. Hakupiga kelele siku hiyo. Hilo ndilo lililomtisha Wangila.

"Mimi najua wewe miaka mingi," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Lakini Simeon nasema maji. Watu yote nasema maji. Wewe nasema sukuma. Nani naona hii sukuma?"

"Mimi mwenyewe, Memsabu."

"Wewe hapana. Mtu mwingine. Nairobi yote ilikuwa naangalia televisheni. Tafuta mtu moja tu, mtu ya kweli, lete hapa kabla Jumapili kuja. Mimi tapeleka yeye kwa wakubwa ya mbio. Kama hapana, basi. Wewe nakwenda, na farasi nakwenda shamba, Naivasha huko."

Shamba la Naivasha masaisi walilijua kwa kusikia tu. Farasi wenye miguu iliyoharibika walipelekwa huko, na hakuna saisi aliyewahi kurudishiwa habari.

Basi Wangila akaenda kutafuta mtu mmoja. Haikuonekana kazi ngumu. Nairobi nzima ilikuwa inatazama!

Alianzia kwa Kimotho. Aliwakuta ukumbini jioni, betri iko kwenye chaji, televisheni imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama mgonjwa.

"Niaje, shemeji," alisema Nyongesa bila kusimama. Siku nyingine husimama.

"Karibu, staa!" Kimotho alimpa benchi. "Mama Muthoni, leta chai, kuna mtu wa TV hapa."

Mama Muthoni ndiye Mumbi, mke wa Kimotho, mama mnene mpole ambaye hakuweza kuona mgeni mwenye kikombe kitupu. Akamimina. Wangila alinywa kidogo, akasema, "Mzee, nimekuja kuuliza kitu kimoja. Wale farasi walipofika kona ya mbali, ile ya nyuma ya miti, mliona nini?"

Kimotho akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kona? Kona gani? Sisi tulionyeshwa kona ya shingo ya mke wa mtu!"

Hapo ukumbi ukafunguka. Kila mtu alikuwa amekaa na lake rohoni tangu Jumapili.

"Hao watu wa TV walitudharau," alisema fundi viatu wa chumba cha mwisho. "Mbio ni mbio. Mimi nataka kujua nani mbele, nani nyuma. Wao wananionyesha kofia."

"Tena moja ilikuwa kama uteo ulioangukiwa na jogoo."

"Na mtangazaji! Anaongea Kizungu kama anafukuzwa na polisi. Ukitaka kujua nani anaongoza, anashukuru watu wa sabuni."

"Mpira wanaonyesha vizuri. Kwani farasi wamekosea wapi?"

"Mimi ningekuwa mkubwa wa stesheni, ningepandisha kamera juu ya mti. Mtu moja akae huko na mkate wake, asishuke mpaka mbio ziishe."

"Akishuka ataona kofia."

Walicheka, na Wangila alijikuta anacheka nao, kwa maana yote waliyosema yalikuwa kweli, na kwa muda mfupi ilikuwa kana kwamba wote wako upande mmoja. Kisha Kimotho akafuta ndevu.

"Lakini kitu moja walionyesha sawasawa," alisema. "Ile maji."

Wangila akaweka kikombe chini.

"Hakunywa, mzee."

"Nilimwona na macho yangu. Mdomo ndani ya ndoo."

"Alilowesha tu."

"Wangila, mimi nimefuga ng'ombe tangu huku kwote kukiwa shamba. Mdomo ukiwa ndani ya ndoo, ng'ombe anakunywa. Hasomi gazeti."

Hakuna aliyecheka kwa sauti, isipokuwa fundi viatu aliyejifanya anakohoa. Nyongesa alikuwa anatazama viatu vyake. Wangila akaelewa kwa nini hakusimama.

Ni Nyongesa huyo huyo, kwa aibu ya undugu, aliyetupa kamba. "Lakini wazee, tuseme ukweli. Picha ilikuwa na chenga. Betri ilikuwa imechoka, na watu wote pale walionekana wamepakwa unga. Pengine hiyo kona walionyesha, sisi ndio hatukuona."

"TV yangu haina kosa," alisema Kimotho. "Labda antena."

"Hata kama ni antena. Mwenye TV nzuri aliona. Shemeji, enda mtaa wa Olympic. Huko wako na TV za rangi, stima ya ukweli."

Wangila alirudi Kibera akiwa na mwendo mwingine kabisa. Hebu fikiria: kilichofichwa na chenga Kawangware kilikuwa kimeonekana wazi Olympic! Alimweleza Immaculate, na Immaculate akamkumbuka Angeline, karani wa ofisi moja mjini, mteja wake wa blauzi, aliyepanga nyumba ya mawe huko Olympic. Alikuwa na televisheni kubwa ya rangi, na alipenda kuizungumzia.

Walimkuta Angeline amevaa kanga nyumbani, mchangamfu. "Karibuni! Mbio? Kama niliona? Niliona kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Sikuinuka hata kwenda kuzima jiko."

Wangila alishika magoti yake. "Kila kitu?"

"Picha safi kama dirisha. Aki, mimi nimesema hata kazini, watu wa TV wamejaribu safari hii. Kawaida ni farasi, farasi tu, unasinzia. Sasa wametukumbuka sisi wanawake. Kulikuwa na kofia ya zambarau, ina wavu hapa mbele, na ua dogo jeupe upande huu. Halafu ya kijani, utepe umeshuka mpaka mgongoni. Niliona mpaka uzi."

"Na kona, dada? Kona ya mbali?"

Angeline alifikiri kwa moyo wake wote. Hakuwa mtu mbaya. "Wakati wanaingia kwa hiyo kona... ndiyo, hapo ndipo walileta ile ya zambarau. Nakumbuka kwa sababu nilimwita dada yangu kutoka jikoni aje aione. Waliporudi kwa farasi, walikuwa wanamaliza."

Kisha akamwangalia Wangila vizuri, uso ukamng'aa. "Kumbe ni wewe! Si ni wewe ulimpa farasi maji? Ilikuwa tamu sana hiyo, mpaka nikasema, ona, hata mnyama ana mtu wa kumnywesha."

Waliaga. Njiani Immaculate alimshika mkono gizani penye mtaro, na walipovuka hakuuachilia. Wangila ndiye aliyeanza.

"Na wewe ulikuwa hapo kwa Kimotho. Hukuniambia uliona nini."

"Nilikuona wewe."

"Na baada ya mimi?"

"Baada ya wewe nilikuwa nawaambia watu, yule ni bwanangu. Niliwaambia mpaka mbio zikaisha." Akapandisha kanga begani. "Ulikuwa unacheka, Baba Nasike. Sijawahi kukuona ukicheka hivyo kwa nyumba."

Wangila akauliza lile alilotaka kujua tangu Jumapili. "Unaniamini?"

"Kwamba ulinunuliwa? Hapana. Hilo siwezi kuamini hata nikiambiwa na askofu."

"Na kwamba hakunywa?"

Immaculate aliangalia mbele. "Hiyo sijui, baba. Niliona mdomo kwenye ndoo."

Siku zilizofuata alizunguka. Alimuuliza kinyozi mwenye televisheni dukani, akamuuliza mlinzi wa baa kule juu barabarani, akamuuliza hata mhubiri ambaye watu walisema hutazama mbio kisirisiri. Wote walikuwa na maneno mengi. Huyu alitaka mtangazaji wa Kiswahili, yule alisema farasi waandikwe namba kubwa kama matatu, mwingine alisema kamera ilikuwa inatetemeka kama imeshikwa na mlevi. Wote waliona ndoo. Na kila alipopata televisheni nzuri zaidi, kofia nazo zilikuwa nzuri zaidi. Wengine walimtambua akiwa mbali. "Buda, niletee maji basi!" walimwita vijana wa kituo cha matatu pale Toi, na wakaigiza farasi anayelamba.

Jumamosi asubuhi, wakati hakuna tena wa kumuuliza, alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya ploti ya Kimotho, amekuja bila kujua amekuja kufanya nini. Mumbi alitoka na ndoo ya kufua, akamwona, akairudisha ndani, akatoka tena mikono mitupu. Alikuwa amefunga kitambaa kizuri kichwani, cha kanisani.

"Baba Nasike. Ile kona. Mimi niliona."

Wangila aliinuka.

"Mzee alikuwa amegeuka kupiga antena," alisema Mumbi, akiangalia ukuta wa mabati. "Wote walikuwa wanapiga kelele. Nikaona farasi mwingine anaingilia yako. Anaisukuma, hivi. Twende nikaseme."

Walishika njia kwa miguu. Mumbi alikuwa mzito na jua lilikuwa kali, lakini hakulalamika. Wangila alikuwa akimsimulia habari za Nabalayo: jinsi anavyosimama mguu mmoja akisinzia, jinsi anavyomsukuma na kichwa mfukoni akitafuta karoti. Mumbi alikuwa anaitikia, "Ĩĩ, ĩĩ." Walipofika Barabara ya Ngong, wakingoja magari yapite, Wangila akauliza, kwa furaha tu ya kulisikia tena:

"Na yule joki aliyesukuma, shati lake uliliona?"

"Niliona. Nyekundu. Nyekundu kabisa."

Magari yakapita. Wangila hakuvuka.

Televisheni ya Kimotho ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Kwenye ukumbi ule hakujawahi kuonekana nyekundu, wala kijani, wala rangi yoyote zaidi ya unga na masizi. Habari ya msukumo Mumbi alikuwa ameisikia mtaani, na kwa macho alikuwa ameona mtu amekaa kwenye jiwe. Hayo ndiyo aliyoyaona.

Angeweza kumshukuru akamrudisha nyumbani. Wangila alikuwa mtu wa kanisa, na kusema uongo mbele ya mwajiri hakujawahi kumpita mdomoni. Lakini jambo lenyewe lilikuwa kweli! Lilitokea! Alilitazama mwenyewe kutoka kwenye pengo la ua, na ukweli wote huo ulikuwa hauna mtu wa kuubeba isipokuwa mama huyu na uongo wake wa huruma.

"Njano, Mama Muthoni," alisema polepole. "Shati lilikuwa la njano. Na farasi wa kijivu."

Mumbi akamtazama, naye akaelewa kwamba ameeleweka. Macho yakamlenga machozi kidogo.

"Basi njano," alisema. Wakavuka.

Mama Pilipili alikuwa katika ofisi yake ndogo inayonuka ngozi na dawa ya miguu. Alimsikiliza Mumbi bila kumkatiza: kona, farasi wa kijivu, shati la njano, msukumo. Mumbi alisema vizuri, hata Wangila mwenyewe aliona kona ile upya. Na yule mama wa Kizungu, ndugu zangu, alifurahi. Pua yake nyekundu ilikunjuka. Aliinuka akafungua kabati.

"Vizuri! Vizuri sana! Mimi naomba kaseti kwa watu ya televisheni, nafika leo asubuhi. Mimi naogopa kuangalia peke yangu. Sasa sisi naangalia pamoja, wewe naonyesha mimi."

Mumbi alishika ncha ya kitambaa chake.

Kaseti ikaingia, ikalia kidogo, picha ikatokea, ya rangi, safi. Na Wangila akajiona kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Alimwona mtu mfupi kuliko alivyodhani, koti limemzidi mabega, meno yote nje. Mtu yule anainua ndoo. Anachota, anapulizia, lakini shingo ya farasi imekingama mbele ya kamera, kupulizia hakuonekani. Kinachoonekana ni mtu anayeangua kicheko karibu na uso wa farasi. Farasi anashusha mdomo ndani ya ndoo. Na kabla ndoo haijavutwa, picha inaondoka, kwa hiyo mdomo unabaki mle ndani, unabaki tu, haujatoka mpaka leo. Wangila alimtazama mtu yule anayecheka na akajua kwamba kama angekuwa amekaa kwenye benchi la Kimotho, naye angesema: huyu amenunuliwa.

Kisha mbio. Kisha, farasi walipoanza kuinama kuelekea kona ya mbali, kofia ya zambarau, na wavu mbele, na ua dogo jeupe upande mmoja. Angeline alikuwa amesema kweli. Hata uzi ulionekana. Kofia ikakaa. Ikageuka huku, ikageuka huku. Ikaja ya kijani na utepe wake. Mtangazaji akashukuru watu wa sabuni. Farasi waliporudi walikuwa wanamaliza, na Nabalayo yuko nyuma peke yake, anachechemea.

Mama Pilipili alizima. Alikaa akiangalia kioo cheusi, mikono mapajani.

"Mimi nataka amini," alisema mwisho. "Wewe najua mimi nataka amini, Wangila. Kwa nini leta mama ya watu sema uongo?"

Mumbi akaanza, "Memsabu, ni mimi mwenyewe..." lakini Wangila akamgusa mkono kumzuia. Kwa maana angesema nini? Kwamba kona ilikuwapo? Pale ndani ya kioo hakukuwa na kona.

Aliomba jambo moja: amuage farasi. Akaruhusiwa, na askari wa lango akatumwa aende naye, kitu ambacho hakijawahi kufanyika.

Lori la Naivasha lilikuwa limeshafika, ubao umeteremshwa. Nabalayo alikuwa bandani, mguu umefungwa bendeji, na saisi mwingine alikuwa anampiga brashi kwa haraka, akipita masikioni. Alipomsikia Wangila aligeuza kichwa, akaja mpaka mwisho wa kamba, akamsukuma mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu. Asubuhi hiyo hakuna aliyekumbuka karoti.

Farasi alikuwa anaenda safari. Wangila alinyoosha mkono kwenye bomba la ukutani, akakinga, akajaza kinywa. Aliinua uso.

Askari alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Yule saisi mwingine aliacha brashi hewani, naye anamtazama. Dereva wa lori alikuwa amechungulia.

Alikaa hivyo, mashavu yamejaa, Nabalayo amekunja pua tayari kwa maji aliyoyazoea. Halafu Wangila akayameza. Yalishuka baridi, mazito, akahisi kila tone lilivyopita.

Nje, Mumbi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara amevua viatu, anajipangusa vumbi vidoleni. Aliinuka kwa shida.

"Umemuaga?"

"Nimemuaga."

Walirudi njia ile ile. Mbele ya Toi vijana walimwona wakaanza, lakini walipoona yuko na mama wa makamo mwenye kitambaa cha kanisani, wakangoja kwanza wapite.